Semeni Kabla ya Msingi

Barua ya wazi kwa Mabaraza ya Komini Gitega na Komini Muyinga kuhusu vibali vya kujenga

Magarama, Gitega

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Komini,
Waheshimiwa Musitanteri, wasimamizi wa komini,
Nakala kwa wakuu wa OBUHA na kwa mashefu wote wa kartie,



Nawaandikia kutoka Magarama, hapa Gitega, na naandika hadharani kwa sababu ninayotaka kuyasema si yangu peke yangu. Ni ya kila mtu aliyewahi kusimama kwenye parseli yake akiwa na fundi, kamba na vigingi vya kupimia, asijue kama anaruhusiwa kuanza. Nawaelekezea maneno haya wajumbe wa Muyinga pia, kwani huko nako watu wanajenga kwa udongo huuhuu, kwa msimu huuhuu, na kwa mashaka hayahaya.

Ombi langu ni moja: neno la komini kuhusu nyumba ya mtu limfikie kabla hajachimba msingi, lisimfikie akiwa ameshaezeka. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Nyinyi mnajua jinsi mji wetu ulivyopanuka. Sensa ya 2008 iliikuta Gitega mjini ikiwa na watu wapatao 42,000. Miaka kumi baadaye, Desemba 2018, Rais Pierre Nkurunziza akatangaza kwamba Gitega itakuwa mji mkuu wa kisiasa, na Januari 2019 bunge likapitisha sheria yake. Tangu hapo, pembezoni mwa mji, penye migomba na maharage panakatwa viwanja. Kisha 2025 yakaja mageuzi ya utawala: mikoa 18 ikawa 5, komini 119 zikawa 42. Muyinga, iliyokuwa makao ya mkoa wake yenyewe, sasa ni komini ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza. Kwa hesabu ya haraka, komini moja ya leo inabeba kazi ya karibu komini tatu za jana, na mkazi wa kilimani ofisi yake imemkalia mbali zaidi. Mabaraza yaliyotokana na uchaguzi wa Juni 2025 ndiyo ya kwanza kuongoza komini hizi zilizopanuliwa. Ndiyo maana naandika sasa. Mazoea ya zamani mkiyang'oa mapema, mtasifiwa. Mkiyaacha yakae, baada ya miaka miwili yatakuwa mazoea yenu.

Waheshimiwa, mtu asiisome barua hii akadhani tunataka kila mmoja ajenge apendavyo. Tunakihitaji kibali kuliko ofisi inavyokihitaji, maana anayeumia kwanza nyumba ikijengwa ovyo ni jirani. Chukueni paa la mabati la mita za mraba 60, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule. Mvua moja ya milimita 30, ambayo kwetu si mvua ya kushangaza, inaangusha kwenye paa hilo lita 1,800 za maji. Hizo ni bidoni 90 za lita ishirini. Nyumba isipokuwa na mfereji wa paa wala shimo la kupokea maji, bidoni hizo zote zinamwagika kwa aliye chini ya mteremko. Naye amejenga kwa rukarakara, yaani matofali ya udongo yaliyoanikwa juani. Ukuta wa rukarakara haubomoki siku moja: kwanza plasta ya chini inavimba, kisha inabambuka, kisha tofali la mstari wa kwanza linaanza kulainika na kumong'onyoka, mpaka mtu anaingiza vidole vinne mahali palipokuwa na ukuta. Mwenye nyumba ya juu hajafanya ubaya wowote kwa makusudi. Hakuna tu aliyemwambia, wakati bado karatasi iko mezani, kwamba paa lake lielekeze maji upande mwingine.

Na tumeona mabaya zaidi ya hayo. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua iliteremka kutoka milimani na kuzikumba kartie za kaskazini mwa Bujumbura, Kinama na Kamenge zikiwemo. Watu zaidi ya 60 walikufa na mamia ya nyumba yakaanguka, nyingi zikiwa za matofali ya udongo, zilizokaa njiani mwa maji. Maji yalifuata njia yao. Nyumba ndizo zilizokuwa zimejengwa mahali ambapo mtu wa ramani angesema mapema: hapa, hapana.

Kwa hiyo sheria tunaikubali. Burundi ina Sheria ya Mipango Miji, Makazi na Ujenzi ya tarehe 12 Agosti 2016. Tuna OBUHA, ofisi ya taifa iliyopewa kazi hiyo. Tuna Sheria ya Ardhi ya 2011, inayosema ardhi ni ya nani na inashuhudiwa vipi. Kilichopungua ni njia ya kutoka kwenye sheria hadi kwa mama wa Magarama mwenye parseli ndogo na akiba yake ya miaka.

Naomba niwaeleze njia hiyo anavyoiona yeye. Nina jirani, mjane, aliyetaka kujenga vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya nyumba yake. Alifanya alivyofunzwa kufanya: alianza kwa mkuu wa nyumba kumi, akaenda kwa shefu wa kartie, akaambiwa apeleke maombi mbele. Ofisi aliyoelekezwa ilimdai karatasi za parseli. Alipozileta akadaiwa mchoro. Alipoleta mchoro akaambiwa mchoraji wake hatambuliki. Hakuna siku aliyoonyeshwa orodha nzima. Kila alichokuwa anadaiwa kilikuwa kikitoka mdomoni mwa aliyekaa mezani siku hiyo, na aliyekaa siku nyingine alitaja kingine. Hakupewa karatasi yoyote inayoonyesha kwamba faili lake limepokelewa. Alikuwa na bahasha tu, na ndani ya bahasha picha za pasi, nakala za kitambulisho na mchoro uliokunjwa hadi mikunjo ikachanika. Siitaji ofisi hiyo, kwa sababu lengo langu si kumshtaki mtumishi. Lengo ni kwamba yaliyomkuta huyu mama yasiweze kumkuta mwingine, awe Gitega au Muyinga.

Na hapa nataka mnielewe vizuri jambo ambalo mara nyingi halionekani kutoka ofisini. Kwetu ujenzi una msimu. Mvua zikikatika mwishoni mwa Mei, ndipo watu wanafyatua rukarakara na kuzianika. Julai kuta zinapanda. Agosti mbao na mabati. Septemba mvua zinarudi, na ukuta wa udongo usiokuwa na paa ukinyeshewa majuma mawili, fedha za mtu zimerudi kuwa tope. Mtu aliyeomba kibali mwezi wa tano akaambiwa "rudi baadaye" mpaka mwezi wa tisa, hakupoteza miezi minne. Amepoteza mwaka mzima, na matofali aliyokwisha kuyafyatua. Akilijua hilo, anafanya nini? Anajenga. Anaanza Ijumaa jioni, anaongeza mafundi Jumapili, anaharakisha paa ili atakapofika mtu wa komini akute nyumba imesimama. Watu wanaita hilo ukaidi. Mimi naliita hesabu ya mtu anayeogopa mvua kuliko faini.

Halafu inakuja rangi nyekundu. Alama ya msalaba ya kubomolewa inapigwa ukutani, na ndilo neno la kwanza rasmi ambalo mkazi amewahi kupewa na serikali kuhusu nyumba yake. Alipouliza hakujibiwa, na alipomaliza akahukumiwa. Hapo kila mtu amepata hasara: mkazi amepoteza akiba, komini imepoteza ada ambayo angeilipa kwa hiari, jirani bado maji yanamwingilia, na mpango wa mji umevunjika vilevile.

Tena alama ya ukutani haimwokoi mtu. Mtaa wa Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lilianguka kwenye mvua, kando ya mto, likaua watu wapatao 50. Baada ya msiba viongozi walieleza kwamba jengo lilikuwa halina idhini iliyotakiwa na kwamba lilikuwa limekwisha kuorodheshwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa. Waliokuwa wamelala ndani walikuwa ni wapangaji, waliolipa kodi ya mwezi kama kawaida. Serikali ilikuwa imesema, lakini ilisema jengo likiwa limeshajaa watu, na wakati huo kusema hakutoshi tena. Wakati wa kusema wenye nguvu ni ule ambao kwenye parseli kuna kamba na vigingi tu, na kubadilisha nyumba nzima kunahitaji kuving'oa na kuvisogeza mita mbili.

Waheshimiwa, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kufuata. Uko ndani ya komini zetu wenyewe. Mnafahamu jinsi huduma ya ardhi ya komini inavyotoa cheti cha ardhi kilimani. Mwombaji anaandikisha ombi lake, tangazo linatolewa, siku inapangwa, tume inashuka hadi kwenye shamba lenyewe. Majirani wa pande zote wanaitwa. Mipaka inatembelewa kwa miguu, mwenye pingamizi analisema palepale mbele ya watu, na linaandikwa. Mkulima asiyejua kusoma anaondoka hapo akijua kilichoamuliwa, kwa sababu kimeamuliwa mbele yake. Utaratibu huo una nguvu kwa sababu unapatana na desturi yetu ya zamani ya Bashingantahe, wazee wa usuluhishi, ya kumaliza jambo mahali lilipo na mbele ya wanaohusika. Kwa nini shamba la maharage lipate heshima hiyo, na nyumba ambayo watu watalala ndani yake isiipate?

Basi nayaweka mbele yenu mambo matano. Nimeyachagua kwa sababu hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya wala msaada kutoka nje.

Kwanza, orodha moja ibandikwe. Kwenye ukuta wa ofisi ya komini, kila zoni, na kwa kila shefu wa kartie, pawe na karatasi inayosema: ukitaka kujenga, leta hivi na hivi, ada ni kiasi hiki, inalipwa kwenye akaunti hii, jibu litatoka baada ya siku hizi. Iandikwe kwa Kirundi na Kiswahili pamoja na Kifaransa. Gitega ina kartie zilizozungumza Kiswahili tangu enzi za babu zetu, na Muyinga iko jirani na Tanzania. Kisichokuwamo kwenye karatasi hiyo, mtumishi asiwe na haki ya kukidai.

Pili, kila anayeleta maombi aondoke na risiti yenye tarehe, namba ya faili na jina la aliyepokea. Hili ni dogo, na gharama yake ni kijitabu cha nakala mbili. Lakini ndilo linalomtofautisha mwombaji kibali na mwomba msaada. Mwenye namba anauliza, "Faili langu limefika wapi?" Asiye na namba anaweza kusihi tu, na pale penye kusihi ndipo "chai" inapochemkia. Ada ikijulikana, ikalipwa benki, faili likawa na namba, yule anayetaka kitu kidogo atakosa mahali pa kusimama. Na mtumishi mwaminifu, kwani wapo na tunawajua, atapata ngao dhidi ya kushukiwa bure.

Tatu, kalenda ya vibali ifuate kalenda ya mvua. Maombi ya nyumba ndogo yapokewe kuanzia Februari, na yote yaliyokamilika yawe yamejibiwa kabla ya mwisho wa Mei. Jibu liwe la maandishi, na liwe moja kati ya matatu: ndiyo, ndiyo ukirekebisha hiki, au hapana, kwa sababu hii. Mafaili yaliyopita muda bila jibu yasomwe kwa namba zao kwenye kikao cha baraza, ili wajumbe wajue kazi imekwama wapi.

Nne, ukaguzi uhamie mwanzoni. Kabla msingi haujachimbwa, fundi wa komini afike na shefu wa kartie, majirani waitwe, kamba zivutwe. Paangaliwe mambo yanayoua na yanayogombanisha: umbali kutoka kwenye mtaro na kwenye korongo, upenyo wa barabara, choo kisiwe juu ya kisima cha mtu, na maji ya paa yataelekea wapi. Saa moja inatosha. Siku hiyo iandikwe, watu watie sahihi au kidole. Atakayejenga tofauti na alichokubaliana mbele ya majirani, huyo mwadhibuni, nasi tutakuwa upande wenu.

Tano, ziwepo ramani za bure za nyumba ndogo. Komini iwaombe mafundi wa OBUHA wachore nyumba tatu au nne za kawaida, zinazofaa parseli zetu na mifuko yetu: msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi, upana wa paa unaolinda ukuta, mfereji, shimo la maji, madirisha. Anayechukua ramani hiyo asidaiwe mchoro mwingine. Na rukarakara isihukumiwe kwa jina lake. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa wakiibana kwenye miji yao, kisha mwaka 2019 wakafungua mlango kwa nyumba za rukarakara zinazofuata viwango. Walitambua kwamba tofali la udongo lenye msingi mzuri na paa pana linakaa, na kwamba kulikataa bila kumpa mtu badala yake ni kumsukuma ajenge usiku.

Mtaniambia kwamba nyumba moja inagusa ofisi nyingi: komini, OBUHA, ardhi, REGIDESO kwa maji na umeme. Ni kweli. Lakini wajumbe wa Muyinga wanaijua Kobero. Pale mpakani lori linalotoka Tanzania linakaguliwa na nchi mbili mahali pamoja, badala ya kusimama mara mbili na kufunguliwa mara mbili. Bujumbura nako liliwekwa dirisha moja la vibali vya kujenga zaidi ya miaka kumi iliyopita, na ripoti ya Benki ya Dunia ya wakati huo iliitaja Burundi kwa hatua hiyo. Kama mataifa mawili yanaweza kukubaliana juu ya shehena ya mizigo, ofisi nne za nchi moja zinaweza kukutana Jumanne na Alhamisi kwenye chumba kimoja kwa ajili ya mtu mwenye parseli.

Nasi wakazi tuna deni letu, na sitaki kulificha. Baadhi yetu tunanunua kiwanja kwa karatasi ya mkono bila kuuliza kimepimwa au la. Baadhi yetu tunasogeza ua usiku mpaka njia ya watu wote inakuwa ya mtu mmoja. Wengine tunamwona jirani anajenga kwenye mtaro tunanyamaza, ili naye atunyamazie. Mkifungua njia iliyo wazi, hatutakuwa na kisingizio. Sisi wa mitaani tunaweza kuzipeleka habari za orodha hiyo misikitini na makanisani, kwenye vikao vya ushirika na kwenye kazi za jumuiya za Jumamosi. Mafundi wetu wanaweza kukubaliana kwamba hakuna anayechimba msingi bila kuonyeshwa risiti. Dini zote tulizolelewa nazo zinatufunza kwamba haki ya jirani ni nzito, na mtu hajengi raha yake juu ya madhara ya mwenziwe. Tusaidieni kuyaishi mafunzo hayo kwa utaratibu unaojulikana.

Naomba basi suala hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, katika komini zote mbili, na orodha iliyotajwa ibandikwe kabla ya Februari, ili wanaotarajia kujenga kiangazi kinachofuata wajue la kufanya. Mkiona kati ya mambo haya matano kuna lisilowezekana, tuambieni ni lipi na kwa nini, kwa maandishi, nasi tutakaa tulitafakari upya. Mkiona yanawezekana, anzeni na risiti. Inaweza kuanza Jumatatu.

Kwa heshima na matumaini,

Mkazi wa Magarama, Gitega